Ukiteremka Tanga, Usipande na Sabuni Tu

Malori ya mboga huondoka Lushoto usiku. Kabichi, karoti, viazi mviringo na nyanya hupita Soni, hukata kona za mteremko mpaka Mombo, kisha huingia barabara kuu kuelekea Tanga au Dar es Salaam. Siku ya pili yake magari hupanda yakiwa na sabuni, mafuta ya kula, mabati, mbolea na nguo. Hivyo ndivyo wengi wetu tunavyoujua ukaribu wetu na jiji: pahali pa kuuzia na pahali pa kununulia. Makala haya yanataka kuongeza shehena nyingine katika safari hiyo: vitabu, historia, muziki na elimu ambayo haiuzwi kwa gunia.

Mkazi wa milima ya Usambara ana bahati ambayo watu wengi wa Tanzania hawana. Analala kwenye baridi ya mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, analima shamba lake, analea watoto wake katika Kishambaa na Kiswahili, na akiondoka alfajiri anafika jiji la pwani kabla ya adhuhuri. Jiji hilo lina maktaba, makumbusho, magofu ya kale, uwanja wa mpira na karne nyingi za ushairi. Lakini manufaa ya namna hii hayampandii mtu mlimani yenyewe. Humfikia yule anayeyaendea kwa mpango. Ushauri ufuatao ni wa kukusaidia kupanga.

Usiingie Tanga kwa unyonge

Wapo watu wa milimani wanaoingia mjini kama waliobisha hodi wasiitikiwe. Historia haikubaliani na unyonge huo. Wafalme wa Kikilindi walipowatawala Washambaa kutoka Vugha, makao yao huku mlimani, mkono wao ulifika baharini. Zama za Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, madiwani wa mwambao kati ya Tanga na Pangani waliitambua mamlaka ya Vugha pamoja na ile ya Sultani wa Zanzibar. Wageni waliotaka kuijua nchi hii walipanda kutoka pwani hiyo hiyo: mmisionari Krapf alifika Vugha mwaka 1848, wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke wakafika mwaka 1857.

Tukirudi nyuma zaidi, mwaka 1498 chombo kimoja cha Vasco da Gama, São Rafael, kilikwama kwenye fungu karibu na Mtangata, kusini ya Tanga. Mabaharia waliona milima mirefu upande wa bara, wakaipa jina la chombo chao. Milima waliyoiona ndiyo hii ya Usambara. Baadaye Wajerumani walianza kutandaza reli kutoka Tanga mwaka 1893. Ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, na jina walilolipa ni Reli ya Usambara. Mlima na pwani vimeshikana kwa muda mrefu kuliko umri wa barabara yetu ya lami. Mwambie mtoto wako hayo kabla hajapanda basi, ili ashuke Tanga akijua kwamba anaingia katika nchi ambayo wazee wake waliijua na iliwajua.

Chagua jiji la kulifuata

Jiji la kwanza kwetu ni Tanga, lililopewa hadhi ya jiji mwaka 2005. Kutoka Lushoto mjini hadi Mombo ni kilomita 33 hivi. Kutoka hapo unapita Korogwe na Segera, na safari nzima inazidi kidogo kilomita 150. Wa Mlalo na Mtae waongeze saa za kufika Lushoto kwanza. Wa Amani, upande wa Usambara ya Mashariki, wako karibu zaidi, kwani wao huteremkia Muheza. Kwa wengi wetu hii ni safari ya kwenda na kulala usiku mmoja. Inawezekana kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, lakini utatumia siku nzima ndani ya gari na jiji utaliona dirishani.

Dar es Salaam, iliyo takribani kilomita 350, ifanye ya mara moja kwa mwaka na uiendee kwa sababu maalumu, kama nitakavyoeleza. Na usisahau kwamba ukiwa Tanga umekaribia mpaka wa Horohoro. Mwenye hati ya kusafiria anaweza kuvuka akaitazame Fort Jesus ya Mombasa, ngome iliyojengwa na Wareno miaka ya 1590 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Lakini anza na Tanga. Anayeruka la karibu akakimbilia la mbali hutumia nauli nyingi na kurudi na machache.

Chagua pia majira. Masika huleta maporomoko kwenye mteremko wa Soni hadi Mombo, kwa hiyo safari ya watoto isiwekwe Aprili. Juni na Julai ni baridi kali huku juu, shule huwa zina likizo, na pwani wakati huo joto lake linavumilika. Huo ndio muda mzuri kuliko yote.

Iunganishe na safari uliyonayo tayari

Kikwazo kinachotajwa kwanza ni fedha, nacho ni kikwazo cha kweli. Lakini wengi wetu tunateremka tayari: kwa mzigo wa sokoni Mgandini, kwa rufaa ya hospitali ya Bombo, kwa msiba, kwa harusi, kwa kufuatilia cheti. Nauli imekwisha kulipwa. Kinachotakiwa ni kuongeza nusu siku na kujua utaitumia wapi. Mwenye mzigo wa viazi akimaliza hesabu zake saa tatu asubuhi asikae kwenye kijiwe akisubiri gari la jioni. Ana saa sita mkononi, na saa sita zinatosha kwa maktaba na makumbusho.

Kwa safari ya familia, jizoeshe kutenga kidogo katika kila mauzo ya shambani na kukiweka kando kwa jina hilo, usikichanganye na fedha ya matumizi. Kwa shule, wazazi wa darasa moja wakichangishana na kukodi koasta, gharama ya kila mtoto hushuka sana. Wenye ndugu Tanga wawaarifu mapema. Kulala kwa shangazi ni nafuu kuliko nyumba ya wageni, na jioni ya mazungumzo pale barazani ni sehemu ya mafunzo. Kumbuka pia kwamba mabasi hushusha Kange, nje kidogo ya katikati ya mji, kwa hiyo tenga nauli ya daladala na muda wake.

Anzia maktaba

Mtu akiniuliza afanye jambo moja tu Tanga, nitamwambia aende maktaba ya mkoa, ile iliyojengwa enzi za Waingereza kwa jina la King George VI na ambayo sasa iko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Nenda siku ya kazi. Uliza masharti ya uanachama: kwa kawaida yapo ya fomu, picha, mdhamini na ada. Ingia na orodha ya mambo matatu unayotaka kuyajua, kwa sababu anayeingia maktaba bila swali huzunguka rafu akachoka. Mkulima aulize vitabu vya magonjwa ya viazi. Mwanafunzi aulize riwaya na tamthilia ambazo shule yake haina. Mzee aulize historia ya Tanga na Usambara.

Kwa mtoto, mpe dakika thelathini achague mwenyewe kitabu, bila kumwelekeza. Huko kwetu watoto wengi wanakijua kitabu kama kitu cha darasani, cha kujibia mtihani. Chumba kizima cha vitabu ambavyo hakuna anayelazimishwa kuvisoma ni fundisho ambalo mwalimu hawezi kulitoa kwa maneno. Ukitoka hapo, pitia wauza vitabu vya mitumba, ununue japo kimoja cha kupanda nacho.

Tanga ina haki ya kujivunia kusoma. Shule ya serikali ya Wajerumani ilifunguliwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1890, na mwanzoni mwa karne ya 20 gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi lilikuwa likitolewa katika mji huo. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, jirani na Machui, mwaka 1909, na sehemu kubwa ya miaka yake ya uandishi na utumishi aliipitisha Tanga. Kusadikika ilichapishwa mwaka 1951 na Adili na Nduguze mwaka 1952, wakati mwandishi wao akifanya kazi za ofisini katika mji huu kama watumishi wengine. Jambo hilo ni zuri kwa kijana kulijua: kwamba fasihi kubwa ya Kiswahili iliandikwa na mtu wa mkoa wake, baada ya saa za kazi.

Watoto waone kwa macho

Katika siku ya pili, panga mahali pawili na si zaidi. Nina mapendekezo manne ya kuchagua.

La kwanza ni Tongoni, kilomita 17 hivi kusini ya jiji kwenye njia ya Pangani. Hapo pana magofu ya msikiti wa kale na makaburi zaidi ya 40, mengine yakiwa na minara. Mahali hapa ndipo Mtangata ya wale mabaharia wa 1498. Simama na watoto, uwaulize: watu hawa walijenga kwa mawe gani, walifanya biashara na nani, na kwa nini mji ulihamwa? La pili ni kaburi la Shaaban Robert huko Machui, upande huo huo wa kusini. Mwalimu wa Kiswahili anayeweza kufundisha pale kwa nusu saa atakuwa ametoa somo ambalo darasa halitalisahau.

La tatu ni mapango ya Amboni, kilomita 8 hivi kaskazini ya jiji. Ni mapango ya mawe ya chokaa yaliyochimbwa na maji kwa mamilioni ya miaka, na humo watu wamekuwa wakifanya matambiko vizazi na vizazi. Hapo somo la jiografia na somo la imani za wazee huenda pamoja. La nne ni Boma la kale la Wajerumani katikati ya mji, lenye makumbusho ya Urithi Tanga, ambapo picha na vitu vya zamani vinaonyesha mji ulivyokua kwa bandari, reli na mkonge.

Mpe kila mtoto daftari na swali moja lake peke yake. Mmoja aulize kuhusu majengo, mwingine kuhusu vyakula, mwingine majina ya mitaa, mwingine lugha alizozisikia. Usiku, kabla ya kulala, kila mmoja asome majibu yake mbele ya wenzake. Safari isiyo na swali hubaki picha za simu tu.

Lisikilize jiji, usilitazame tu

Utamaduni wa Tanga uko pia masikioni. Katika miaka ya 1960 na 1970 mji huu ulikuwa na vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, vilivyoingiza gitaa na mdundo wa dansi katika taarabu, na mtindo huo ukasambaa mwambao mzima. Bi Shakila Saidi, aliyefariki mwaka 2016, alikuwa sauti kubwa ya Black Star. Upande wa dansi kulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Miaka ya 2000 ilipoanza, Wagosi wa Kaya waliufanya mji uimbwe kwa kufokafoka, wakisema shida za watu kwa lafudhi ya nyumbani. Waulize wenyeji jioni ya leo panapigwa nini, iwe ngoma, kaswida au taarabu ya harusi, na ukaribishwapo kaa usikilize. Ushairi wa kuimbwa ni shule. Anayesikiliza mafumbo ya taarabu kwa makini hujifunza Kiswahili ambacho hakipatikani kwenye matangazo ya biashara.

Wapenda mpira waende Mkwakwani. Coastal Union waliwahi kuwa mabingwa wa Tanzania mwaka 1988, na ukikaa na wazee wa mpira utasikia historia ya mkoa kwa njia ya majina ya wachezaji. Na penye nafasi, tembea Ngamiani, kwenye mitaa yenye namba. Humo utakuta vizazi vya Wadigo, Wabondei, Wazigua, Wasegeju, Waarabu, Wahindi, na wajukuu wa watu walioletwa na mashamba ya mkonge kutoka pembe zote za nchi. Kijana aliyekulia kijiji cha ukoo mmoja hujifunza pale namna ya kuishi na jirani asiyefanana naye, na hilo ni miongoni mwa mambo makubwa ambayo jiji humpa mtu.

Kafuate vilivyo vyako

Sasa naja kwenye sababu ya safari ya Dar es Salaam, na hapa naomba tuwe makini. Sehemu ya historia yetu wenyewe haiko mlimani. Habari za Wakilindi, kitabu kinachosimulia habari za Mbegha, mwasisi wa ufalme huo wa Kikilindi, na kizazi chake, kiliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, mtu wa pwani aliyeishi miongoni mwa Wakilindi na kuandika aliyoyasikia. Steven Feierman, mwanahistoria Mmarekani, alikaa na wazee wetu, akatoa kitabu chake juu ya ufalme wa Shambaa mwaka 1974 na kingine juu ya wakulima na siasa zao mwaka 1990. Vijana wangapi wa Vugha wamewahi kuvishika vitabu hivi? Wajukuu wa watu walioeleza habari hizo wanakua bila kujua kwamba maneno ya babu zao yanasomwa vyuo vikuu.

Kwa hiyo anayekwenda Dar es Salaam aende na kazi hiyo. Kumbukumbu za Taifa ziko Upanga, na humo mna majalada ya utawala wa Kijerumani na wa Kiingereza yanayozihusu wilaya zetu. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina sehemu maalumu ya maandiko ya Afrika Mashariki. Utaratibu wa kibali upo na unahitaji barua, hivyo usifike siku ya kwanza ukitegemea kusoma. Andika mapema. Mwalimu wa historia wa Lushoto akirudi na nakala za kurasa kumi tu zinazohusu kata yake, amelipatia darasa lake hazina. Wenye watoto wadogo wawapeleke Makumbusho ya Taifa na Kijiji cha Makumbusho, wakalinganishe nyumba za jadi za makabila na zile walizoziona kwa bibi.

Ukirudi juu

Faida ya safari hupimwa mlimani. Mambo matatu yanasaidia ikae.

Kwanza, simulia ndani ya wiki moja. Aliyekwenda awaeleze wasiokwenda, shuleni, msikitini, kanisani au kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Pili, anzisheni kikundi cha kusoma. Watu saba wenye kitabu kimoja kimoja wakibadilishana kila mwezi, kila mtu atasoma vitabu saba kwa bei ya kimoja. Tuna mfano wa mkoa wetu: mwaka 1922 Martin Kayamba na wenzake walianzisha Tanga chama cha watumishi wa serikali Waafrika, kikawaunganisha Waislamu na Wakristo wa makabila mbalimbali. Kilianza na watu wachache waliokuwa tayari kukaa pamoja.

Tatu, andika ya hapa. Aliyeona Tongoni anajua kwamba mji unaweza kuhamwa ukabaki mawe. Aende kwa mzee wa kijiji chake na simu yenye kinasa sauti, amwombe ruhusa, amwulize habari za ukoo, mapango ya matambiko, ngano na nyimbo za jando na za kazi. Zilizo za siri za wenyewe azikubali kubaki siri.

Kisha tuwaalike wa jiji. Shule ya Lushoto ifanye urafiki na shule ya Tanga: mwaka huu watoto wetu wateremke, mwakani wao wapande waione misitu ya Magamba, wasimame Irente, wafike Vugha wasimuliwe Mbegha na wenye kisa chake. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtoto anayejiandaa kumweleza mgeni habari za kwao hulazimika kuzijua kwanza.

Mambo ya kujihadhari nayo

Jiji hufundisha mema na mabaya kwa bidii ile ile. Hatari kubwa ninayoiona si wizi wa mifukoni, ingawa uwe mwangalifu. Ni kijana kurudi akiidharau lugha ya mama yake na jembe la baba yake. Ndiyo maana nimesisitiza aende akiwa anaijua historia ya kwao, na arudi na kazi ya kufanya. Mzazi asimtume peke yake kwa mara ya kwanza. Aende naye, waone pamoja, wabishane njiani juu ya walichokiona.

Wapo watakaosema kwamba simu imemaliza haja ya safari. Simu inasaidia, na usiku mmoja kabla ya kuondoka itumie kusoma juu ya mahali mnapokwenda. Haiwezi kukuonyesha ukubwa wa mnara wa kaburi ukiwa umesimama chini yake, wala haikupi mzee wa kukujibu swali la pili.

Chukua kalenda leo. Tazama ni lini utateremka tena kwa shughuli uliyonayo, uongeze siku moja, uchague mahali pawili, umtaje mtoto au mwenzako atakayefuatana nawe, na uandike swali moja unalotaka jibu lake. Ukikamilisha hayo matano, safari yako imekwisha kuanza, na mlima una haki ya kudai kutoka kwako zaidi ya sabuni.